Diski Moja Kwenye Orodha

Kompyuta ya studio haikuiona diski yake. Diski ilikuwemo ndani, imejaa sura za watu zilizokusanywa kwa miaka sita, na kompyuta ikakana kuwahi kuijua. Ukiiwasha, inaandika mstari mmoja mweupe kwenye kioo cheusi kuwa hakuna kitu cha kuanzia. Ukichomeka flashi ili uiwekee mfumo mpya, unafika vizuri mpaka pale unapoulizwa usakinishe kwenye diski ipi, na hapo orodha inakuja tupu kama sahani ya mgeni aliyechelewa.

Fundi aliyeitwa anajulikana mtaani kwa jina la Spiriti. Kila anachokigusa hukifuta kwanza kwa spiriti: bisibisi, kibodi, simu ya mteja, hata kiti anachokaribishwa. Watu humcheka, lakini kazi humletea, kwa sababu mtu anayeogopa uchafu kiasi kile huogopa pia kupoteza cha mwenzake. Alikuwa na desturi mbili ambazo hakuzivunja. Ya kwanza, diski ya akiba haikai chumba kimoja na mashine iliyofunguliwa. Ya pili, akiinuka kwenye kiti, hata kama ni kwenda kupiga chafya, anazima.

Studio ilikuwa ya dada yake. Siku hiyo dada alikuwa mbali kupiga picha za mahafali, na dukani alimwacha mumewe. Huyo mume ndiye aliyempigia fundi simu.

"Shemeji, hii mashine yenu imekufa."

"Yetu mimi na nani?"

"Si wewe uliyeileta?"

Spiriti hakumpenda shemeji yake, na hakujisumbua kulificha hilo. Huyo shemeji hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, hakumpiga dada. Alikuwa mchafu tu, basi. Mtaani walimwita Tonge, maana hakuna aliyewahi kumkuta mdomo ukiwa mtupu. Alikula amekaa, alikula amesimama, alikula akimpiga mteja picha ya paspoti huku akimwambia asicheke. Mikono alijifutia kwenye kile kitambaa cheupe kinachoning'inizwa nyuma ya wateja, ndiyo maana watu wengi wa mtaa ule wana kivuli cha mafuta karibu na sikio la kushoto kwenye vitambulisho vyao.

Kabla hajafika, dada naye akampigia.

"Mdogo wangu, hayo mengine nitajua mwenyewe. Wateja nitawaomba radhi, wa kunitukana atanitukana. Lakini ya mama."

"Ya mama ipo kwenye akiba, dada."

"Ipo, najua ipo. Nataka iwe mahali pawili. Wewe mwenyewe ulinifundisha, kitu kilicho mahali pamoja hakipo."

"Nitaangalia."

"Usiangalie. Fanya."

Ya mama ilikuwa video. Dada aliichukua siku alipokuwa anajaribu kamera mpya, mama yao amekaa kwenye kigoda anamenya viazi, hajaanza kuumwa. Dakika kumi na mbili za mama kumsema vibaya kila mtoto wake kwa zamu, na kucheka. Zamu ya Spiriti ilikuwa ndefu kuliko zote. Baada ya msiba ndugu waliiomba, kila mtu anaitaka kwenye simu yake, dada akakataa katakata. "Mama si wa kusambazwa," alisema. "Leo mko nayo, kesho iko kwenye simu ya mtu hata hamjui ni nani, anamcheka meno." Anayetaka kumwona mama aje studio, akae kwenye kiti, aone, alie, aende. Kwa hiyo ilikaa kwenye kompyuta na kwenye diski ya akiba, na hapakuwa na pengine.

Spiriti alipoingia, harufu ilimpokea kabla ya shemeji yake. Ilikuwa kama godoro la kikojozi lililofungiwa kwenye kabati na nywele zilizoungua. Kwenye kioo cha wateja kulining'inia kitana kimefungwa kwa kamba kisiibiwe, kimejaa nywele za vichwa vya kata nzima. Alipita ubavu ubavu asikiguse. Chumba cha nyuma, penye kompyuta, Tonge alikuwa anakula mkate na paja la kuku juu ya kibodi.

"Karibu, shemeji. Kata kidogo."

"Nimeshiba."

"Wewe siku zote umeshiba. Sijui unakula wapi."

"Umeifanya nini kabla sijaja?"

"Sijaifanya kitu."

"Shemeji."

"Nimeiwasha, ikagoma. Nikaizima, nikaiwasha, ikagoma. Jana nimeshinda na kazi hiyo, mpaka kidole kikasusa." Tonge alimeza. "Halafu nikaipiga ndara kidogo."

"Ndara?"

"Ubavuni tu. Televisheni ya nyumbani ikigoma, dawa yake ndiyo hiyo."

Spiriti alifumba macho, akayafumbua. Akaikuta diski ya akiba juu ya meza, nyeusi, na alama za vidole vya mafuta. Aliifuta, akafuta na mikono, akamkabidhi shemeji yake.

"Hii iweke kwenye droo ya mbele. Isirudi humu mpaka nimalize."

"Inakuuma?"

"Iweke mbele."

Tonge akaenda nayo, akarudi. Kwenye njia ya kurudi alichukua bisibisi nyembamba kutoka kwenye mfuko wa fundi, akajikuna sikio, akaitazama ncha, akairudisha palepale. Spiriti aliona. Aliitoa ile bisibisi kwa vidole viwili, akaiweka sakafuni, na hakuigusa tena.

Alianza kazi. Kila kompyuta ina ukurasa wake wa chini kabisa, unaoamka kabla ya mfumo wowote, ambapo mashine hujihesabu viungo: hii kumbukumbu, hili feni, hii diski. Aliufungua. Feni lilikuwepo. Mahali pa diski paliandikwa kuwa hakuna. Basi tatizo halikuwa kwenye mfumo wala kwenye flashi. Mwenye nyumba asipomjua mpangaji wake, huendi kumuuliza mgeni aliyeingia leo. Lilikuwa jambo la waya, au umeme, au diski yenyewe.

Akazima, akachomoa, akalaza boksi ubavu, akafungua kifuniko.

Alirudi nyuma hatua mbili.

Ndani mlikuwa na kiota. Panya alikuwa ameingia kwa tundu la nyuma lililokosa bati, akajijengea chini ya diski, palipo na joto. Alifuata mabaki ya Tonge: kulikuwa na mifupa ya kuku, maganda ya karanga, na kipande cha mkate chenye alama ya meno ya binadamu. Malighafi ya kiota ilikuwa picha za paspoti zilizoharibika, zile zilizotupwa kwenye kapu chini ya meza. Panya alizichana vizuri, kwa subira. Humo mlikuwa na masikio, vipande vya paji la uso, jicho moja likimtazama fundi, nusu ya mdomo wa mwanamke ambaye aliambiwa asicheke. Na katikati ya sura hizo, vitoto vya panya, vyekundu, bila manyoya, vinapumua pamoja.

Tonge aliinama juu ya bega lake, akamwaga makombo.

"Kumbe tuna wapangaji! Na hawalipi kodi."

"Vitoe."

"Mimi?"

"Ni vyako. Wewe ndiye uliyevilea."

Tonge hakuona tabu. Alichukua sahani ya bati aliyokuwa anakulia, akaisukuma chini ya kiota kama mtu anayeepua kitumbua, akatoka nacho uani akamwaga mtaroni. Alirudi na sahani ileile. Aliipuliza. Akaiweka mezani, akaweka paja la kuku juu yake, akaendelea alipoishia.

Spiriti alitoka mbele, akashika ukingo wa mlango, akapumua hewa ya barabarani. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na saba. Mama yake angekuwepo angemcheka. Ndivyo anavyosema kwenye ile video, ameinua kisu cha viazi: "Na huyu Bwana Usafi, tangu mdogo ananusa kijiko kabla ya kula, utadhani mama yake mchawi."

Akarudi. Akavaa mfuko wa nailoni mkono mmoja, maana glavu hakubeba, akazoa manyoya na maganda. Waya wa data ulikuwa umetafunwa mpaka shaba inaonekana. Hapo alipata moyo. Waya ni kitu kidogo. Aliweka mpya, akabadilisha na tundu, akachukua umeme kwenye kichwa kingine. Akawasha. Akarudi kwenye flashi, akasubiri, akafika kwenye orodha.

Tupu.

"Bado?" Tonge aliuliza.

"Bado."

"Basi nipige ndara upande wa pili."

Spiriti aliinama kwenye boksi. Kuna jambo mafundi hulifanya wakati mashine inawaka: unaigusa diski kwa vidole, usikie kama inazunguka. Alivua ule mfuko, kwa sababu nailoni haisikii kitu. Aliingiza mkono, akaupitisha chini ya diski, na vidole vyake vikazama.

Kulikuwa na maji. Hayakuwa maji. Mkojo wa panya wa wiki nyingi ulikuwa umetiririka kwenye bodi ya diski, ukakauka, ukaja mwingine juu yake, mpaka ukawa ukoko laini wa kijani na njano, na ndani ya ukoko huo kitoto kimoja kilikuwa kimebaki. Kilikuwa kimepondeka sasa. Kilikuwa chini ya kucha zake.

Aliinuka, akatoka. Hakuzima.

Bomba lilikuwa uani, la kushirikiana na kinyozi wa duka la pili. Maji yalitoka kwa kudondoka, kama machozi ya kulazimisha. Kinyozi alikuwa ameketi kwenye kizingiti akisubiri mteja.

"Spiriti! Umeshika nini, mbona umenyoosha mkono kama mtu anayeposa?"

"Sabuni."

"Ipo hapo."

Ilikuwepo, imeota ndevu. Nywele fupi nyeusi zilikuwa zimejichoma kila upande, sabuni nzima inafanana na kidevu.

"Hii?"

"Inatoa povu, hiyo. Wateja wangu wote wananawa nayo."

"Naona. Wengine bado wamo."

Kinyozi alicheka mpaka akakohoa. Spiriti, mkono ameunyoosha mbali na mwili, alizunguka nyumba, akavuka barabara mpaka dukani, akaagiza mche wa sabuni mpya kwa kumwambia muuzaji atoe noti mwenyewe kwenye mfuko wake wa shati. Akarudi. Akanawa, akasubiri matone yajae kwenye kopo, akanawa tena. Akanusa kucha. Akanawa mara ya tatu. Alikuwa anafikiri sasa, akili imemrudia. Ile bodi inaweza kusafishwa kwa spiriti na brashi laini. Ikikauka vizuri, pengine diski itaamka hata kwa saa moja, na saa moja inatosha kutoa ya mama. Alianza hata kumsamehe shemeji yake kidogo.

Ndipo akasikia kelele kutoka ndani.

"Imeonekana! Shemeji, imeonekana! Njoo uone, imeonekana!"

Spiriti alikimbia na povu mkononi. Na kwa hatua zile chache alifurahi kweli. Alidhani labda ile kuguswa ilitikisa kitu.

Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa bluu unaojaa. Asilimia thelathini na nane. Chini yake imeandikwa: *Tafadhali subiri, faili zinanakiliwa.*

"Nimekusaidia kazi," alisema Tonge. Uso ulimng'aa. "Ilikuja yenyewe kwenye orodha, ukubwa tera moja, kama ile ya ndani. Ikauliza nifute yote nisakinishe, nikasema ndiyo. Ikauliza tena nina uhakika, nikasema ndiyo. Hawa wanauliza sana."

Spiriti alitazama ndani ya boksi. Diski ilikuwa palepale ilipokuwa, inaning'inia juu ya ukoko wake, kimya. Alitazama kioo. Kisha alitazama nyuma ya boksi, akaona waya mweusi mwembamba umechomekwa, akaufuata kwa macho juu ya meza, chini ya mfuko wa mkate, pembeni ya sahani ya bati. Mwishoni mwake kulikuwa na diski ya akiba. Taa yake ndogo ilikuwa inapepesa haraka haraka, kama jicho la mtu aliyeingiwa na kitu.

Aling'oa ule waya. Mstari wa bluu ukasimama.

"Sasa mbona unaharibu?"

"Hii ilikuwa kwenye droo."

"Dada yako alipiga simu. Anasema, hebu hakikisha ya mama ipo. Nikaichomeka nimwangalizie. Haikufungua chochote, hata lile dirisha la mafaili halikutokea. Nikasema labda haijashika, nikaiacha. Ndipo nikaona kwenye orodha ile ya ndani imetokea."

"Ile ya ndani."

"Si tera moja? Si imeandikwa hivyo?"

Zilikuwa tera moja zote mbili. Spiriti ndiye aliyezinunua, siku moja, duka moja, aina moja. Alitaka zifanane.

"Umemfuta mama," alisema.

Tonge aliacha kutafuna. Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa, na uso wake ukashuka wote kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, aliweka chakula chini kabla hakijaisha.

"Shemeji... maji yakimwagika..."

"Haya hayakumwagika. Umeyamwaga."

"Si ungezima! Mbona uliiacha inawaka? Wewe siku zote unazima!"

Povu lilikuwa limeanza kumkaukia Spiriti mkononi.

Dada alifika jioni, kamera bado shingoni. Spiriti na Tonge walikuwa wameketi vyumba viwili tofauti. Hakuuliza chochote kuhusu harusi za watu.

"Ya mama?"

Tonge alianza kueleza tangu mwanzo, panya, simu, orodha. Dada akainua kiganja.

"Nimeuliza ya mama."

"Nitatafuta," alisema Spiriti. "Kuna programu za kufukua vilivyofutwa. Na hii ya ndani nitaipeleka kwa wataalamu, wanabadilisha bodi."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nanawa."

Dada alimtazama mikono. Ilikuwa misafi, imekunjamana vidoleni kwa maji. Akamtazama mumewe, mdomo wenye mafuta. Akawatazama kama mtu anavyotazama vitu viwili vilivyokutwa ndani ya kiatu. Kisha akaivua kamera shingoni, akaifunika lenzi, akaenda nyumbani peke yake.

Spiriti alifukua. Aliipeleka diski ya akiba kwake, akaiacha programu ichimbe usiku na mchana, na kila kilichotoka alikitazama mwenyewe. Vilitoka vipande: gauni jeupe bila kichwa, keki nusu, mchungaji ana miraba ya kijivu badala ya mdomo. Vilimkumbusha kile kiota. Mfumo mpya ulikuwa umejichimbia katikati ya kila kitu na kujitandikia. Wataalamu wa bodi nao walirudisha diski ya ndani na maelezo mafupi: bodi inabadilishika, lakini sahani za ndani zinazotunza mafaili zimekwaruzwa. Imepata kipigo ikiwa inawaka.

Ya mama ilipatikana, sekunde tisa. Anaonekana kwenye kigoda, anachukua kiazi, anainua kisu, anamgeukia mwenye kamera na kufungua mdomo, tayari anacheka. Halafu kijivu. Sauti hakuna.

Kompyuta yenyewe ilipona. Spiriti aliikwangua, akaiziba tundu la nyuma kwa bati, akaweka diski mpya. Orodha ikaiona papo hapo, mfumo ukaingia bila swali. Inafanya kazi hadi leo.

Iligharimu diski mbili. Iligharimu harusi ishirini na sita na misiba tisa ya watu wengine, na maharusi wawili waliokuja kumtukana dada mbele ya wateja, akawasikiliza mpaka wakachoka. Bisibisi moja, ambayo bado iko sakafuni pale, hakuna aliyeiokota. Mche mmoja wa sabuni, haujaisha. Tonge sasa anakula nje, kwenye ngazi, na studioni haingii. Dada humjibu mdogo wake akisalimiwa, zaidi ya hapo hana neno naye. Na dakika kumi na moja, sekunde hamsini na moja, za mama.